Lori la Dindira Lipimwe Likishuka

Anayenunua lori la kubebea mizigo katika milima ya Usambara huuliza kwanza nguvu za injini. Sababu inaeleweka, kwa kuwa kutoka tambarare ya Korogwe hadi kata ya Dindira ni kupanda. Lakini kupanda hudai subira kuliko nguvu. Lori lenye tani 15 pamoja na mzigo, kwenye mwinuko wa asilimia 10 na udongo mkavu, linahitaji kiasi cha nguvu za farasi 130 kwenye magurudumu ili liende kilomita 20 kwa saa. Likienda kilomita 10, nusu yake inatosha. Gia namba moja hupunguza mizunguko ya magurudumu na kuzidisha nguvu ya kuyazungusha. Ndiyo maana Fuso kuukuu hufika juu na saruji yake, hata kama utingo angeweza kushuka akatembea kando yake.

Hatari iko kwenye kushuka, na mazao ya mlimani, yaani chai, ndizi na mbao, yote soko lake liko chini. Tani 15 zikishuka mita 700 huachia nishati karibu sawa na iliyomo katika lita tatu za dizeli. Dereva anayetegemea breki ya mguu peke yake huigeuza karibu yote kuwa joto. Ngoma za breki zenye jumla ya kilo 200 za chuma, kama zingelihifadhi joto hilo lote, zingepanda kwa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Upepo huzipoza, ila polepole. Harufu ya kuungua inapoingia kwenye kebini, laini za breki zimeshaanza kuteleza, ngoma zimetanuka zikajitenga nazo, na mguu unakanyaga bila gari kutii. Mizani ya barabarani haioni jambo hili: Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inapima mzigo kwa ekseli ili kulinda barabara, kwa hiyo lori lililopita mizani kihalali bado laweza kuwa zito mno kwa mteremko.

Watetezi wa injini kubwa watasema kwamba hiyo ndiyo inayoshikilia gari vizuri likishuka. Ni kweli, ili mradi gari liwe kwenye gia ya chini. Hata hivyo injini ya dizeli huvuta hewa bila kizuizi, hivyo peke yake hushikilia kidogo. Mmarekani Clessie Cummins, aliyeponea chupuchupu kwenye mteremko wa Cajon, California, mwaka 1931 baada ya breki kumshinda, ndiye aliyebuni baadaye mfumo wa kuifanya injini yenyewe iwe breki. Malori mengi ya kwetu yana kifaa rahisi zaidi, kinachoziba bomba la moshi. Kwa maoni yangu, kifaa hicho na ngoma nzima vikaguliwe kabla ya kuuliza farasi. Wapo wanaoshuka na fri wakiamini wanaokoa mafuta, na hesabu hiyo haisimami: magurudumu yakiisukuma injini iliyo kwenye gia, pampu hukata dizeli, ilhali kwenye fri injini inaendelea kunywa ili isizimike.