Michezo ya Kompyuta Isiishie Njiani

Miongoni mwa vijana wetu wa Unguja na Pemba wapo ambao, wakisharudi kazini au chuoni, hukaa mbele ya kompyuta usiku kucha wakitengeneza michezo. Hawakuajiriwa kuifanya kazi hiyo, wala hakuna anayewalipa. Wanaifanya kwa mapenzi, kama wengine wanavyojifunza kupiga udi au kushona kofia. Kwa wazee wengi shughuli hiyo ni upuuzi, na wako maofisa wenye fikra hiyo hiyo ingawa hawaitamki hadharani. Sisi hatukubaliani nao. Mwenye kutengeneza mchezo hulazimika kuijua hesabu, kuchora, kutunga hadithi, kupanga sauti na kuielewa tabia ya mtu atakayeucheza. Ni vigumu kuitaja shughuli nyingine ya baada ya kazi inayomfunza kijana mambo mengi kiasi hicho kwa pamoja.

Linalotusumbua ni kuwa michezo hiyo haimalizwi. Kijana huanza kwa shangwe, akawasimulia wenzake barazani habari za mashujaa wake na visiwa vyake vya kubuni. Ukimuuliza baada ya miezi minne, hubadilisha mazungumzo. Ndani ya kompyuta yake mna michezo mitano au sita, yote nusu. Hasara yake haihesabiki kwa shilingi, kwani fedha hazikutumika nyingi. Kilichopotea ni miaka ya ujana, na zaidi ya hapo ni imani ya kijana juu ya nafsi yake, maana aliyeshindwa mara sita huanza kuamini kuwa yeye si mtu wa kulifikisha jambo mwisho.

Imekuwa desturi kuulaumu uvivu. Lawama hiyo ni nyepesi mno, kwa sababu mvivu hakeshi. Sababu zenyewe zimo ndani ya kazi, na anayetaka kuwasaidia vijana hawa hana budi kwanza azijue.

Aliyewahi kupita Nungwi mahali vinapoundwa vyombo atatuelewa upesi. Mkuku unapolazwa na mataruma yanaposimamishwa, kila mpita njia husimama akasifu, maana chombo kinaonekana kikiota mchangani mithili ya mti. Kisha huja kalafati. Fundi hukaa na pamba yake, akaipenyeza baina ya mbao, ufa baada ya ufa, siku baada ya siku, na hakuna anayesimama kumtazama. Chombo cha leo kwa macho ya mpita njia ni kile kile cha jana. Hata hivyo, bila ya hiyo kalafati hakishuliwi, na kikishuliwa kitazama. Mchezo wa kompyuta nao una kalafati yake. Usiku wa kwanza kijana humwona mtu aliyemchora akiruka kwenye skrini, na furaha hiyo haina mfano. Baadaye hubaki kazi ya kuuwezesha mchezo ukumbuke mchezaji alipofikia ili aendelee kesho, kutengeneza ukurasa wa kuanzia, kurekebisha sauti, kuandika maelezo, kuiunda hatua ya kumi inayofanana mno na ile ya tatu, na kuzisaka kasoro ambazo hazionekani kwenye kompyuta yake ila hujitokeza kwenye ya jirani. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Derek Yu, mbunifu wa Marekani aliyeutoa bure mchezo wake Spelunky mwaka 2008, aliandika mwaka 2010 makala mahususi juu ya kumaliza mchezo. Katika mengi aliyoyaeleza, lililotugusa ni hoja kuwa kumaliza ni ujuzi wa peke yake, nao hujifunzwa kwa kumaliza. Mtu anaweza kuwa hodari wa kuchora na hodari wa programu, na bado akawa mwanagenzi wa kumaliza. Tukilikubali hilo, basi ushauri kwa mwenye michezo sita ya nusu uko wazi: mchezo wa saba uwe mdogo kiasi cha kumalizika kabla hamu haijamwisha, hata kama utaonekana wa kitoto.

Udogo huo ndio vijana wasioutaka. Mpango wa kwanza aghalabu huwa ni dunia nzima, yenye miji mia na wachezaji elfu wanaokutana kwa wakati mmoja, jambo ambalo makampuni yenye mamia ya wafanyakazi hulihangaikia kwa miaka. Na watazame waliofanikiwa kwa njia nyingine. Maddy Thorson na Noel Berry waliutengeneza mchezo mdogo wa kupanda mlima, Celeste, kwa siku nne tu mwaka 2015. Ulikuwa mchezo uliokamilika, una mwanzo na mwisho. Kutokana na huo, wao na wenzao wakaujenga mchezo mkubwa wa jina hilo hilo, uliotoka Januari 2018 na kusifiwa duniani kote.

Tunajua tutajibiwa kwa jina la Eric Barone. Kila kijana wa fani hii analijua, na kila mmoja hulitaja anapotetea mpango wake mkubwa. Barone alihitimu chuo kikuu katika jimbo la Washington, Marekani, mwaka 2011, akakosa kazi, akaanza peke yake kutengeneza mchezo wa kilimo ili kuunoa ujuzi wake. Programu, michoro, muziki na maandishi yote vilitoka mkononi mwake. Stardew Valley ilitoka tarehe 26 Februari 2016, na kufikia mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa imeuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Habari hiyo ni ya kweli, lakini isomwe yote. Barone alikusudia kazi ya miezi michache, ikamchukua zaidi ya miaka minne. Muda huo alifanya kazi kila siku, saa nyingi, akizichora upya picha zile zile mara kwa mara, huku akiwaonyesha watu viti kwa kibarua katika jumba moja la michezo ya jukwaani mjini Seattle, na mwenzake wa nyumbani akibeba sehemu kubwa ya gharama. Kijana anayemtaja Barone kwanza ajiulize nani atakayemlisha miaka minne.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu, kwa maoni yetu, ni wa Daisuke Amaya wa Japani. Huyu aliutengeneza mchezo wake Cave Story katika muda wake wa ziada kwa miaka mitano, akautoa bure Desemba 2004. Hakuacha shughuli za maisha yake. Aliendelea tu, jioni baada ya jioni, na hilo ndilo la kuigwa kwake kuliko idadi ya miaka.

Hapa tunafika kwenye neno linalotamkwa sana na kueleweka kidogo, yaani hamu. Vijana husema, "Hamu ikirudi nitaendelea." Tulivyoona kwa waandishi, mafundi na hata wanafunzi wa chuoni waliohifadhi juzuu zao, hamu haitangulii kazi, huifuata. Anayekaa nusu saa kila jioni, apende asipende, mara nyingi hujikuta amekaa saa mbili. Na anayeacha kazi yake mahali panapoeleweka, akaandika kwenye karatasi jambo moja atakaloanza nalo kesho, huondolewa ule uzito wa kukaa na kutojua pa kushika. Zaidi ya hayo, mchezo uwe unachezeka tangu wiki ya kwanza, hata kwa maboksi badala ya michoro, ili amketishe mdogo wake au jirani aucheze, naye akae kimya amtazame. Dakika kumi za kumwona mtoto akikwama mahali pasipotarajiwa humfunza mtengenezaji mengi, na tena humpa sababu ya kuamka kesho yake.

Yuko na anayepoteza miaka kwenye zana. Huyu hataki kuutengeneza mchezo mpaka kwanza aitengeneze injini yake mwenyewe ya kuuendesha. Yule kila ikitoka zana mpya huhamia huko na kuanza alifu. Derek Yu, tuliyemtaja, aliutengeneza Spelunky ya kwanza kwa zana iliyokuwa tayari. Leo iko injini kama Godot, ambayo tangu mwaka 2014 ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Na wanaolalamikia unyonge wa kompyuta zao wakumbuke kuwa Alexey Pajitnov aliitunga Tetris mjini Moscow mwaka 1984 kwenye mashine isiyoweza kuchora picha, akayaunda matofali yake kwa alama za maandishi. Hata hapa kwetu Afrika Mashariki, Wesley Kirinya wa Kenya aliukamilisha mchezo wake The Adventures of Nyangi mwaka 2007, zama ambazo vifaa na mafunzo vilikuwa haba kuliko sasa.

Lakini tusiwapake vijana sifa ya subira tu na kuwaongezea mzigo. Kuacha nako kuna mahali pake. Mchezo uliochezwa na watu kumi na wote wakachoka, usiendelezwe kwa ukaidi. Uachwe kwa uamuzi, mchana, kwa sababu inayotajika. Unaoumiza ni ule unaoachwa bila ya kuamuliwa, ukabaki ukimsuta mwenyewe kila anapofungua kompyuta.

Kwa upande wa maofisa, tuna la kusema. Imekuwa kawaida katika baadhi ya ofisi kuwatunza vijana kwa mawazo. Kijana husimama ukumbini, akaeleza mchezo ambao haujawa, akapigiwa makofi, akapewa cheti na kupigwa picha. Ameshaionja ladha ya kumaliza kabla ya kuanza, na hakuna tena wa kumuuliza baada ya mwaka. Zawadi hizo zihamishiwe mwisho wa safari: itolewe kwa mchezo unaochezeka tangu mwanzo hadi mwisho, hata uwe wa dakika tano, na mbele ya watu wanaoucheza. Wenzetu wa nje wamelifanya hilo kwa njia nyepesi. Mashindano ya Ludum Dare yalianza Aprili 2002, na mshiriki hupewa saa 48 kuukamilisha mchezo mzima peke yake. Global Game Jam, iliyoanza 2009, nayo hufanywa mahali pengi duniani. Ukumbi wa skuli, umeme usiokatika na chai kwa siku mbili vinatosha. Kuhusu umeme, wanaoikumbuka miezi ya giza hapa Unguja, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa kwa nini tunaomba chumba chenye jenereta. Nao vijana wasiache kuihifadhi kazi yao mahali pawili.

Kwa asiyejua aanze na mchezo gani, tunapendekeza bao. Mashimo 32, kete 64, wachezaji wawili, na sheria ambazo kila baraza lina mzee wa kuzisahihisha. Wala asianze na bao kamili, lenye namua na nyumba na kete 22 zinazosubiri mkononi mwa kila mchezaji, kwani hapo atakwama. Aanze na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na mchezo huingia moja kwa moja kwenye mtaji. Likishachezeka mwanzo hadi mwisho bila ya kasoro, alipeleke barazani jioni wazee walicheze kwenye simu. Watamtajia makosa yake yote kabla ya adhana ya magharibi, na namua ataiongeza baadaye.