Kondakta, mwenye kibanda na mkalimani: wahusika wa pembeni wanaobaki akilini

Safari ya kutoka mjini Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale huchukua zaidi ya saa moja kwa gari, na msafiri hukutana na watu wengi kabla hajafika. Yupo kondakta wa taksi anayeita abiria kwa Runyankore, kisha akageuka na kudai nauli kwa Kiswahili. Yupo mama anayeinua sinia la ndizi hadi dirishani gari likisimama. Yupo kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu, waya zimemzunguka kama kamba za mbuzi. Msafiri akifika husimulia kisa chake mwenyewe: alikotoka, alichokifuata, kilichomkwamisha. Hao wengine huwataja kwa neno moja na kupita. Ajabu ni kwamba mwaka ukiisha, mara nyingi anayekumbukwa ni kondakta.

Wanaoendesha michezo ya kuigiza mezani wanalijua jambo hili vizuri. Katika michezo hiyo watu wanne au watano huketi kuzunguka meza, na kila mmoja humiliki mhusika wake: mganga, mwizi, mpiga mishale au mfanyabiashara aliyefilisika. Mmoja wao, msimulizi, hana mhusika wake peke yake. Yeye ni dunia yote iliyobaki. Mchezaji akisema, "Nagonga mlango," msimulizi ndiye anayeamua ni nani anafungua, amevaa nini na kama amelala njaa. Jambo likiwa la bahati, hutupwa dadu. Huyo anayefungua mlango ndiye mhusika wa pembeni.

Aliyewahi kumsikiliza bibi akibadili sauti, mara sungura mara fisi, ameshauelewa mchezo kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba hapa msikilizaji humjibu fisi, na fisi hana budi kupata la kusema papo hapo.

Mchezo uliovuma kuliko yote wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Lakini kuna kisa cha miaka mitano kabla yake ambacho kina uzito zaidi kwa mada hii. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, David Wesely alikuwa mmoja wa vijana waliopenda michezo ya vita, ile ya kupanga vikosi vya askari wadogo juu ya meza na kuamua nani ameshinda. Wesely alibuni mji wa Braunstein, uliokuwa karibu kuvamiwa na jeshi. Badala ya kuwapa wenzake vikosi tu, aliwagawia watu wa mjini: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo, wanafunzi wenye siasa kali. Kila mmoja alipewa shida yake. Mambo yalivurugika, watu walihama meza, wakanong'onezana, wakafanya njama ambazo hazikuwa katika kanuni yoyote. Wesely alidhani ameharibu mchezo. Wenzake wakamtaka aurudie, na Arneson alikuwa miongoni mwao.

Kwa maneno mengine, mchezo huu ulizaliwa siku mtu alipouliza kwamba, majemadari wakipigana, watu wa mjini wanafanya nini.

Swali la namna hiyo lilimzalia mchezo huo mmoja wa wahusika wake wanaokumbukwa zaidi. Tracy Hickman aliwahi kukutana, katikati ya mchezo, na mnyonya damu aliyewekwa tu ndani ya chumba cha pango kama samani. Akajiuliza: huyu anafanya nini hapa? Yeye na mkewe Laura wakaandika jibu lao, na mwaka 1983 likachapishwa kwa jina la Ravenloft. Ndani yake yumo Strahd, bwana wa ngome anayemtamani mwanamke asiyeweza kumpata. Strahd ni mwovu, hilo halina ubishi. Lakini wachezaji wanapoingia ngomeni, yeye ana safari yake tayari, na wao ndio wamemwingilia.

Hapo ndipo wasimulizi wengi wanapokosea. Huandika kurasa tano za historia ya mfalme: ukoo wake, vita alivyopigana, rangi ya joho lake. Kisha wachezaji wanampita na kwenda kumsikiliza mchunga farasi aliyebuniwa dakika hiyo hiyo, kwa sababu mchunga farasi alisema anatafuta viatu vya mwanawe kabla ya giza kuingia. Mhusika anayetaka kitu kidogo kinachoeleweka humshinda mwenye nasaba ndefu asiyetaka lolote.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, ingawa si wa mezani. Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, lengo lilikuwa uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake katika vituo vya njiani, ndiye aliyevuta masikio. Lakini mkewe Tunu, anayeanza akiwa mnyonge na kisha akasimama kwa biashara yake ndogo, ndiye anayebeba badiliko lenyewe. Upungufu wa redio ni kwamba msikilizaji hakuweza kumwambia Tunu neno. Mezani angeweza, na Tunu angemjibu.

Sasa Nakivale. Makazi haya ya wilaya ya Isingiro yalifunguliwa mwaka 1958 kuwapokea Wanyarwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 150,000 katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, wakiwemo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kongo ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Nakivale ilikuwa imewaweka raia wa nchi hizo bomba moja la maji muda mrefu kabla ya wino wa mikataba.

Katika habari nyingi zinazoandikwa juu ya mahali kama hapa, gazeti hili likiwemo, mkimbizi mwenyewe huwa mhusika wa pembeni. Waziri anazuru, shirika linatangaza, mfadhili anapunguza. Mkimbizi anasimama nyuma ya picha na ndoo.

Kijana mmoja aliyekulia Uganda aliigeuza picha hiyo. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita ya Sudan, akakulia katika kambi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akafikisha dola 300 za kumnunulia kompyuta, na Mayen akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Huko akatunga Salaam, mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji mwenyewe ndiye anayekimbia mabomu na kuhitaji maji na chakula. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za kimataifa za The Game Awards. Alichokifanya kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukiwaza: alimtoa mkimbizi nyuma ya picha akamweka mikononi mwa mchezaji.

Mchezo wa mezani unaweza kwenda mbali zaidi, tena bila umeme wala kompyuta. Unahitaji karatasi, penseli na dadu. Dadu la ludo linatosha. Tuseme meza iwe chini ya mti Base Camp, au katika bweni la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, na mchezo uwe safari ya kati ya mahali hapo pawili. Msimulizi hatakosa wahusika. Mwenye kibanda cha kuchaji simu anataka betri ya pili kabla jirani yake hajafungua kibanda cha kushindana naye. Wachezaji wakimlipa vizuri leo, wakirudi baada ya wiki tatu anayewapokea ni dada yake, na betri ipo. Wakimdhulumu, kibanda kimefungwa na simu zao hazina chaji. Hakuna hotuba inayohitajika.

Lugha nayo itafanya nusu ya kazi. Mtu wa Bukavu anayesema "niko nakuya" na kushukuru kwa "aksanti" ameshajitambulisha kabla hajataja jina. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, lakini Waganda wengi wa umri mkubwa bado wanakihusisha na askari wa vizuizini. Kwa hiyo mhusika akisimama njiani na kusema tu, "Leta kitambulisho," walioketi watanyoosha migongo.

Na hapo pana hatari ya kweli. Mtu aliyevuka kizuizi kwa miguu yake, akaacha ndugu upande wa pili, hahitaji kukivuka tena kwa ajili ya burudani ya jioni. Wachezaji wa nchi nyingine wana dawa ndogo kwa hili, iliyotungwa na John Stavropoulos mwaka 2013: kadi yenye alama ya X huwekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linaachwa bila kuulizwa sababu. Bila kadi hiyo, au makubaliano yanayofanana nayo, mchezo huu usichezwe Nakivale. Msimulizi anayependa sana askari wake wa kizuizini kuliko watu walioketi naye anapaswa kumpisha mwingine.

Akitafutwa mhusika mmoja wa kuibeba safari yote, huenda akawa mkalimani. Nakivale bila wakalimani haiendi: zahanati, kituo cha polisi, ofisi ya usajili. Wa mezani atajua Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Kisomali kidogo cha sokoni. Wachezaji watamfuata kwa sababu wanahitaji maneno yao yavuke dirisha yakiwa salama. Atawasaidia, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kile ambacho msimulizi amekiandika pembeni ya karatasi, na ambacho wachezaji hawatakijua mpaka wamuulize, ni kwamba faili lake mwenyewe limekaa nyuma ya dirisha hilo hilo muda mrefu kuliko ya wote, na kila asubuhi, kabla hajaanza kusema maneno ya wengine, huchungulia kama limesogezwa.

Kuna wachezaji watakaomaliza safari nzima bila kumuuliza.