Je, Wajua? Bei ya Mtoto Ufukoni mwa Ziwa Tanganyika

Mgeni akifika Ujiji hupelekwa kwanza kwenye miembe. Huonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, akapiga picha, kisha akashuka ufukoni kutafuta migebuka ya kukaanga. Habari zifuatazo ni za watu wasio na mnara pale: wanawake na watoto waliofika ufuko huu wakiwa mateka, yatima au wakimbizi, pamoja na watu wa misheni waliojitwika kazi ya kuwasaidia.

Je, wajua kwamba Mapadre Weupe hawakupewa jina hilo kwa sababu ya rangi ya ngozi? Ni mavazi. Shirika lao, Wamisionari wa Afrika, lilianzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, naye akawataka wavae kama wenyeji wa huko: kanzu nyeupe, joho jeupe juu yake, na rozari iliyovaliwa shingoni mithili ya tasbihi. Msafara wao wa kwanza uliingia Januari 1879 Ujiji, mji wa Waarabu na waungwana wa pwani. Sitashangaa kama kuna aliyewaitikia salamu ya Kiislamu kabla ya kugundua ni akina nani.

Waprotestanti walikuwa wamewatangulia kwa miezi mitano. Chama cha misheni cha London kilifika Ujiji tarehe 23 Agosti 1878, na mkuu wa msafara, Thomson, akafariki mwezi uliofuata. Aliyebaki kuiendeleza kazi ni Edward Hore, ambaye hakuwa mchungaji bali baharia.

Kabla ya kuwa na misheni yoyote huku, Lavigerie alikuwa na yatima. Kati ya 1867 na 1868 Algeria ilipigwa na njaa na kipindupindu, akakusanya watoto zaidi ya elfu moja waliobaki bila wazazi. Hao ndio waliomfanya ahitaji wasaidizi, mapadre kwanza, kisha mwaka 1869 masista. Kwa hiyo watu wake walipofika Ziwa Tanganyika walikuja na nyumba ya watoto vichwani mwao tayari. Kilichobadilika ni namna ya kuwapata watoto wenyewe.

Je, wajua walipatikanaje? Kwa vitambaa na shanga. Katika soko la Ujiji mtu aliuzwa kama alivyouzwa mbuzi, na wamisionari walilipa kwa merikani na bidhaa nyingine kama mnunuzi yeyote. Wao wenyewe waliita tendo hilo kukomboa. Muuzaji aliiona biashara ya kawaida, tena yenye mteja wa uhakika. Hapo ndipo penye ugumu ambao sioni namna ya kuukwepa: mtoto aliyekombolewa aliepuka mnyororo, lakini fedha ya ukombozi ilirudi mikononi mwa yule yule aliyemfunga. Naye mtoto hakuulizwa anataka kwenda wapi. Alilelewa misheni, akafundishwa sala na jembe, na alipokua akaozwa mwenzake aliyelelewa hapo hapo, ili vizaliwe vijiji vya Wakristo kandokando ya ziwa. Wavulana walikaa kwao na wasichana kwao. Kwa msichana asiye na baba wala mjomba wa kumsemea, misheni ndiyo iliyokuwa ukoo, na misheni ndiyo iliyomwoza.

Ujiji hapakuwa mahali pa kujenga misheni waliyoitaka, wakaenda kaskazini mpaka Rumonge, katika Burundi ya leo. Huko, tarehe 4 Mei 1881, mapadre wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao mlei D'Hoop, waliuawa. Chanzo kilikuwa mtoto mmoja wa kiume. Walikuwa wamemkomboa, wenyeji wakamdai, wao wakakataa kumtoa. Masimulizi ya kanisa huwakumbuka watatu hao kwa majina. Huyo mtoto ametajwa kama sababu tu.

Sasa twende Karema, kusini mwa Kigoma kwa njia ya maji, siku hizi ndani ya Mkoa wa Katavi. Ngome ya Karema ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879 kwa niaba ya mfalme wao Leopold, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, kuta na bunduki zikiwa pamoja. Mwaka 1889 akashuka pale kijana mweusi mwenye kuzungumza Kifaransa. Wenyeji hawakuelewa lugha yake ya nyumbani, na yeye hakuelewa yao, kwa sababu kwao kulikuwa Mali, karibu na Timbuktu.

Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa mnamo 1866. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko Mapadre Weupe wakamnunua. Alibatizwa mwaka 1882. Lavigerie alikuwa na wazo ambalo kwa wakati ule wengi wangeliona la ajabu: awachukue vijana Waafrika waliokombolewa, awapeleke kisiwa cha Malta wakasomee udaktari, kisha awarudishe barani wakatibu watu na kufundisha dini. Atiman alikuwa mmoja wao.

Je, wajua alikaa Karema muda gani? Miaka 67. Alifika Wajerumani wakiwa ndiyo kwanza wanaingia nchini, akaishi chini yao, akawaona wakiondoka na Waingereza wakishika nafasi yao, na alipofariki tarehe 24 Aprili 1956 chama cha TANU kilikuwa tayari na umri wa karibu miaka miwili. Alioa binti wa chifu wa Kibemba aliyeitwa Agnes, na mwana wao Joseph akawa padre. Mapadre walikuja Karema na kuondoka, wengine wakazikwa. Daktari alikuwa yule yule. Mama aliyetibiwa naye akiwa mtoto mchanga aliweza kumpelekea mjukuu wake atibiwe na mkono huo huo. Ukiniuliza msaada wa misheni ulionekana wapi hasa katika ufuko ule, sitakuonyesha hotuba za Lavigerie za kupinga utumwa za mwaka 1888 huko Paris na London, ingawa zilitikisa Ulaya. Nitakuonyesha huyo mtoto aliyenunuliwa. Leo hospitali ya kanisa mjini Sumbawanga ina jina lake.

Bibi Annie Hore, mke wa yule baharia, naye ana kisa chake. Aliletwa ziwani akiwa amekaa kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa Uingereza. Magurudumu hayakufaa kitu kwenye vijia vya porini, kikafungwa kwenye mti na wapagazi wakampokezana mabegani toka pwani hadi Ujiji, yeye na mtoto wake mdogo Jack. Walifika mwanzoni mwa 1885. Aliandika kitabu juu ya safari hiyo, kilichochapishwa mwaka 1886, na kiti kimo hadi katika jina la kitabu. Waliokibeba hawamo katika jina hilo. Familia ilihamia kisiwa cha Kavala, upande wa Kongo, na Jack hakuishi kuwa mtu mzima.

Usidhani kila mwanamke aliyetoka utumwani alitolewa na mtu. Kusini-magharibi mwa ziwa aliishi Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba aliyeuzwa mara kumi. Mmisionari Dugald Campbell alichapisha maisha yake mwaka 1916. Alipofika penye misheni bado alikuwa mali ya mume wake, kwa kuwa mke aliyenunuliwa hakuacha kuwa mtumwa kwa kuolewa. Bwanikwa alifanya kazi, akaweka akiba, akapata bunduki moja, akamkabidhi mume wake kama bei ya nafsi yake. Tangu siku hiyo waliishi wote wawili wakiwa huru.

Wala misheni haikuwa mlango pekee. Ujiji imebaki mji wa Kiislamu hadi leo, na wanawake wengi waliovushwa kutoka Kongo hawakwenda kwa padre yeyote. Waliolewa, walilima, waliuza sokoni, na kwa kizazi kimoja au viwili wakawa Wamanyema, watu wenye mtaa na heshima yao. Wengine walipata udugu mpya katika zikri za tarika ya Qadiriyya. Kama ungewahesabu, sidhani kama vijiji vya misheni vingeshinda. Serikali nayo ilichelewa sana: Wajerumani walitoa amri mwaka 1904 kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru, wakawaacha mama zao walivyo. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Je, wajua kwamba jina la Tanganyika bado linafanya kazi katika huduma za kanisa kwa wakimbizi? Mwaka 1964 Walutheri wa dunia walianzisha shirika la huduma za Kikristo kwa wakimbizi, TCRS, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakimiminika nchini. Herufi T ni Tanganyika. Nchi ikaungana na Zanzibar mwaka huo huo na kubadili jina, lakini shirika halikubadili lake.

Kazi haikuisha. Mwaka 1972 walikuja Warundi, mwaka 1993 wakaja tena, na mwaka 1996 Wakongo wa Kivu Kusini wakavuka ziwa, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mashirika yenye asili ya kanisa, TCRS na World Vision yakiwamo, yamehudumia kambi za Kigoma kwa miaka mingi. Hakuna tena anayelipa merikani kwa mtoto. Siku hizi mtoto aliyefika peke yake huandikishwa, hutafutiwa ndugu zake, na wakikosekana hukabidhiwa familia ya kumlea kambini. Nyumba ya yatima si jibu la kwanza tena, jambo ambalo lingemshangaza Lavigerie.

Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani kabisa, kilichobanwa kati ya mlima na maji. Barabara haikuwepo. Kipindupindu kikaingia. Meli iliyotumwa kuwachukua ni Liemba, ile ile ambayo Wajerumani waliishusha majini Kigoma mwaka 1915 wakati wa vita. Haikuweza kusogea ufukoni, kwa hiyo akina mama wenye watoto mgongoni walipandishwa kwenye mitumbwi ya wavuvi, wakapelekwa hadi ubavuni mwa meli, wakavutwa juu mmoja mmoja. Kigoma mjini walilazwa kwanza kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha yakaja mabasi ya kwenda Nyarugusu.