Treni iliondoka, baiskeli zikaingia: Safari ya kilomita 152 ambayo hakuna anayeachwa nyuma

Kama uko kwenye kundi la baiskeli la mtaani, hesabu hii unaijua. Mnatoka watu kumi alfajiri, kila mtu yuko fiti, picha zimepigwa. Mkifika mlima wa kwanza, wawili wenye baiskeli za mbio wametoweka mbele, sita wako katikati wanahangaika na gia, na wawili wa nyuma wameshuka wanasukuma. Wiki inayofuata mnatoka wanane. Wale wawili hakuna aliyewafukuza. Waliachwa tu, na mtu akiachwa mara moja harudi.

Upande wa pili wa dunia kuna njia moja ambayo imetatua shida hii, ingawa walioijenga hawakuwa wakifikiria baiskeli hata kidogo. Inaitwa Otago Central Rail Trail na iko kusini mwa New Zealand. Inaanzia mji mdogo wa Clyde na kuishia Middlemarch, kilomita 152. Zamani hapo palikuwa na reli. Leo vyuma vimeng'olewa, kokoto ndogo zimetandazwa, na wanaopita ni waendeshaji baiskeli, watembea kwa miguu na wapanda farasi. Hulipi kuingia, na hakuna matatu ya kukupigia honi kisogoni.

Nauli ya ndege hadi huko si mchezo, na pengine huna mpango wa kwenda mwaka huu. Sawa. Lakini namna njia hiyo inavyoshikilia kundi pamoja ni kitu unachoweza kukitumia Jumamosi hii, hapa hapa nyumbani.

RELI HAIPENDI MLIMA

Jiulize kwanza kwa nini njia ya reli ni tofauti na barabara. Gurudumu la treni ni chuma, na linakanyaga chuma. Chuma juu ya chuma hakishikani sana. Ndiyo maana treni huvuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo ikiwa tambarare, lakini ikikutana na mwinuko mkali magurudumu huteleza na kuzunguka pale pale.

Wahandisi wa reli kwa hivyo hawakuwa na ujanja. Walikata vilima, wakajaza mabonde, wakatoboa mahandaki na kuizungusha njia mbali ili ipande polepole. Otago, pahali penye mwinuko mkali zaidi ni mita 1 kwa kila mita 50. Ukiwahi kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru kwa baiskeli, utajua hiyo mita moja ni zawadi.

Sasa fikiria maana yake kwa kundi. Kwenye mlima mkali, tofauti kati ya mwenye mapafu makubwa na aliyenunua baiskeli mwezi jana inaweza kuwa nusu saa. Kwenye mwinuko mpole tofauti hiyo inapungua hadi dakika chache. Wote wanakanyaga, wote wanapiga gumzo, hakuna anayeshuka.

ILIKUFAJE, IKAFUFUKAJE?

Reli hiyo ilijengwa kidogo kidogo kutoka pwani kuelekea bara. Ilifika Middlemarch mwaka 1891, na Clyde mwaka 1907. Kwa miaka mingi ilibeba matunda, mifugo, sufu na watu. Kisha malori yakachukua mzigo. Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa kubeba vifaa vya kujenga bwawa la umeme la Clyde, na mwaka 1990 sehemu ya kutoka Middlemarch hadi Clyde ikafungwa.

Treni ikiondoka, vijiji vya stesheni hubaki bila kazi. Vijana huhama, shule na maduka hukosa watu. Mwaka 1993 idara ya serikali inayosimamia uhifadhi iliichukua ardhi ya reli hiyo ikiwa nzima, ukanda mmoja mrefu, kabla haijakatwakatwa. Baadhi ya wenyeji walikuwa na shaka. Nani atasafiri kote huko aje kuendesha baiskeli kando ya mashamba ya kondoo? Njia yote ilifunguliwa mwaka 2000, na jibu likaja lenyewe. Leo kuna mikahawa, nyumba za kulala wageni, wakodishaji wa baiskeli na wabebaji wa mizigo katika vijiji vile vile vya stesheni.

Hapa kwetu tunajua hadithi hii nusu. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901, kisha zikaongezwa njia za matawi, na baadhi zilikaa miaka mingi bila treni. Ile ya Nanyuki ilipata treni tena mwaka 2020, jambo zuri. Lakini funzo la Otago ni kwamba ukanda wa ardhi ukibaki mzima, unaweza kupewa kazi mpya, iwe treni au baiskeli. Ukishavunjwa vipande na kila mtu akaweka ua lake, hakuna wa kuuunganisha tena.

SIKU NNE, STESHENI KWA STESHENI

Wengi hugawa safari hiyo kwa siku nne au tano, kilomita 30 hadi 40 kwa siku. Wewe na mbogi yako mngeanzia Clyde, mji uliozaliwa na dhahabu iliyopatikana mwaka 1862. Mnapita Alexandra, kisha Chatto Creek, na hapo mnakutana na kilima kiitwacho Tiger Hill. Jina linatisha kuliko kilima chenyewe. Reli inakizunguka kwa mikunjo mirefu, nanyi mnapanda bila kugundua kwamba mmepanda.

Siku ya pili ndiyo ya kukumbukwa. Baada ya Lauder njia inaingia kwenye korongo la Poolburn. Kuna mahandaki mawili, kila moja zaidi ya mita 200, na giza lake ni la kweli, kwa hivyo tochi ni lazima. Kati ya mambo mtakayopita ni daraja la Poolburn, lenye kimo cha mita 37 juu ya bonde.

Mbele yake ni Oturehua. Simama. Hapo kuna karakana ya familia ya Hayes, iliyoanza mwaka 1895 ikitengeneza vifaa vya mashambani. Mume, Ernest, alibuni vifaa. Mke, Hannah, alipanda baiskeli akazunguka mashamba ya eneo hilo akichukua oda za wateja. Huyo alikuwa na raundi zake zaidi ya miaka mia moja kabla ya zetu, tena kwa barabara za mawe na sketi ndefu.

Siku ya tatu mnapita pahali pa juu kabisa, mita 618 juu ya usawa wa bahari, kati ya Oturehua na Wedderburn. Tofauti ya kimo na Clyde haifiki mita 500, nanyi mmeipanda kwa zaidi ya kilomita 60. Kutoka hapo njia inaanza kushuka kuelekea Ranfurly. Upepo wa nyanda hizo ukiwajia usoni, mnajipanga mmoja nyuma ya mwingine na kupokezana kukaa mbele.

Siku ya mwisho mnapita karibu na Hyde, na hapo kelele hupungua. Tarehe 4 Juni, 1943, treni ya abiria iliyotoka Cromwell ikielekea Dunedin iliingia kwenye kona ikiwa na mwendo wa zaidi ya mara mbili ya ule ulioruhusiwa. Mabehewa yakaruka reli. Watu 21 walifariki. Baadaye dereva alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, alikuwa amelewa. Mnara wa kumbukumbu upo hadi leo. Njia ambayo yote imejengwa kwa mwendo wa pole iliua siku ambayo mtu mmoja aliamua kukimbia huku wengine wamekaa nyuma yake.

BEBA HAYA KWENYE RAUNDI YENU

Huna haja ya pasipoti kutumia akili ya reli. Anza na haya:

Chagua njia kwa mwinuko, si kwa umbali. Kilomita 40 za tambarare huunganisha kundi lenye wageni kuliko kilomita 15 za milima. Milima iwekeni siku ya wazoefu, na mseme mapema kwamba ni siku ya wazoefu.

Wekeni stesheni. Kabla ya kutoka, kubalianeni vituo vya kusimama kila baada ya kilomita 10 hivi: petroli fulani, kibanda cha chai, daraja. Atakayefika kwanza anasubiri hapo. Hivyo wenye kasi wanapata raha yao na wa nyuma wana uhakika kwamba wanasubiriwa.

Awepo wa mbele na awepo wa nyuma. Wa mbele anajua njia. Wa nyuma ni mtu mwenye nguvu, amebeba pampu, tyubu ya akiba na spana, na hampiti mtu yeyote. Kundi nyingi huweka fundi wao mbele kabisa, halafu pancha inatokea nyuma.

Nunua njiani. Vijiji vya Otago vimesimama kwa sababu mwendeshaji baiskeli ana njaa na hana buti la gari la kubebea chakula. Yule mama wa chapo na maharagwe njiani anafaa kufurahi akiwaona mkija.

Usiendeshe kwenye reli inayotumika wala kukatiza kwenye ardhi ya reli bila ruhusa. Ile ya Otago ilifungwa, ikakabidhiwa kisheria na kutengenezwa kwanza. Treni haina usukani wa kukukwepa.

Na la mwisho ndilo dogo kuliko yote. Yule wa mwisho akifika stesheni, msipande baiskeli papo hapo. Nyinyi mmepumzika dakika 10 mkimsubiri. Yeye ndiyo kwanza anafika. Mpeni maji, naye apumzike zake.