Maombi ya uraia: Jalada huchelewa kabla halijatoka Morogoro

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

WASOMAJI wa magazeti ya kila siku wameyazoea matangazo madogo yanayoeleza kwamba mtu fulani anaomba uraia wa Tanzania, na kwamba yeyote mwenye sababu ya kupinga maombi hayo aiwasilishe kwa maandishi. Wengi huyapita bila kuyasoma. Kwa mwombaji, hata hivyo, mistari hiyo michache ni hatua mojawapo ya safari iliyoanza miaka mingi nyuma, ambayo hakuna awezaye kumtajia tarehe ya mwisho wake.

Swali linaloulizwa kwanza ni kwamba maombi huchukua muda gani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haikumwekea Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi ukomo wa siku za kutoa uamuzi. Aidha, sheria hiyo inasema waziri halazimiki kueleza sababu za kukubali au kukataa, na kwamba uamuzi wake haukatiwi rufaa wala kupitiwa na mahakama.

Kwa maana hiyo, mwombaji hana njia halali ya kuuharakisha mwisho wa safari. Kilicho mikononi mwake ni mwanzo wake, na huko ndiko muda mwingi unakopotea.

Jambo la kwanza ni kujua kama mtu anahitaji kuomba. Suala hili lina uzito wa pekee katika Manispaa ya Morogoro. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakimbizi wa kisiasa wa chama cha ANC cha Afrika Kusini waliishi Mazimbu, ilipokuwa shule yao ya Solomon Mahlangu, na baadaye Dakawa. Walipoondoka na kuikabidhi Mazimbu kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1992, baadhi yao waliacha nyuma watoto waliozaa na wanawake wa Kitanzania.

Mtu aliyezaliwa nchini na mama Mtanzania hukuwa raia kwa kuzaliwa. Haombi tajnisi, yaani uraia wa kuandikishwa anaopewa mgeni. Anachotakiwa ni kuthibitisha kuzaliwa kwake na uraia wa mama yake. Hata hivyo, kama ana pia uraia wa nchi ya baba, sheria inamtaka auchague mmoja anapofikisha umri wa miaka 18, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayejaza fomu za tajnisi ilhali tayari ni raia hupoteza muda kwa kupita njia isiyo yake.

Jambo la pili ni hesabu ya ukaazi. Mgeni anayeomba tajnisi anapaswa awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 iliyotangulia maombi yake. Zaidi ya hapo, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo 12, jumla ya muda aliokaa nchini isipungue miaka saba.

Tuchukue mfano wa mhadhiri aliyeingia nchini Julai 2016, akafundisha katika chuo kikuu kimojawapo mkoani hapa, kisha akaenda masomoni nje kwa miaka miwili. Akiomba Julai 2025, miaka yake 10 inahesabiwa kuanzia Julai 2014 hadi Juni 2024. Ndani ya kipindi hicho ana miaka sita tu ya ukaazi, hivyo maombi yake hayajatimiza sharti. Akisubiri hadi Julai 2026, bila kuondoka nchini katika mwaka huo wa mwisho, anafikisha miaka saba.

Hesabu hiyo haiaminiwi kwa maneno. Inasomwa katika mihuri ya pasipoti na katika vibali vya ukaazi. Kwa sababu hiyo, anayetupa pasipoti iliyokwisha muda anatupa ushahidi wa miaka yake. Vilevile, pengo la miezi michache kati ya kibali na kibali huzua maswali yanayolifanya jalada lirudishwe.

Masharti mengine ni umri wa miaka 18 au zaidi, tabia njema, kujua Kiswahili au Kiingereza, kuwa na mchango kwa uchumi au ustawi wa taifa, na nia ya kuishi nchini moja kwa moja.

Jambo la tatu linahusu ndoa. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia wakati wowote wa uhai wa mumewe. Maneno hayo “uhai wa mumewe” yanastahili kusomwa mara mbili. Familia inayoahirisha maombi mwaka hadi mwaka inaweza kujikuta njia hiyo imefungwa siku ya msiba.

Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hakupewa njia kama hiyo. Yeye hupita njia ya kawaida na kutimiza masharti yote ya ukaazi. Kwa wenyeji wa milima ya Uluguru jambo hili halikosi kushangaza, kwa kuwa kwa mila ya Waluguru ukoo na haki ya ardhi hufuata upande wa mama. Mtoto wa mgeni na mama Mluguru anahesabiwa ndani ya ukoo tangu kuzaliwa, na sheria nayo inamtambua kuwa raia. Baba yake ndiye anayebaki kuhesabu miaka.

Ndoa za kimila zinatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, lakini jalada linahitaji cheti. Wanandoa wanaoishi Mgeta, Kinole au Matombo, ambao ndoa yao haijasajiliwa, wanashauriwa kuisajili kabla ya kuanza maombi, na si baada ya kuulizwa.

Watoto nao wasisahauliwe. Mzazi aliyekwisha kuwa raia anaweza kumwombea mtoto aliye chini ya miaka 18. Akivuka umri huo, mtoto analazimika kuomba mwenyewe na kutimiza masharti ya mtu mzima.

Baada ya hapo jalada huanza kupanda ngazi. Hupitia uongozi wa kata anakoishi mwombaji, ofisi ya Uhamiaji ya wilaya na ya mkoa, pamoja na kamati za ulinzi na usalama, kisha hufika makao makuu ya Idara ya Uhamiaji na hatimaye kwa waziri. Kila ngazi husoma karatasi zilezile. Jina lililoandikwa kwa namna moja katika pasipoti na kwa namna nyingine katika cheti cha ndoa litagunduliwa mahali fulani, na jalada litarudi chini. Anayehama kutoka Kihonda kwenda Bigwa bila kutoa taarifa huenda akatafutwa asipatikane.

Maombi yakikubaliwa, mwombaji hutakiwa kuukana uraia wa zamani na kula kiapo cha utii. Kuukana uraia hufanyika kwa taratibu za nchi yake, kupitia ubalozi wake, nao una muda wake. Ni busara kuuliza mapema nyaraka zinazohitajika, lakini si busara kuukana uraia huo kabla ya kuelekezwa, kwa kuwa mtu anaweza kubaki bila nchi.

Mfano wa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 unaonyesha kwamba hata waliokubaliwa huweza kusubiri. Waliomba mwaka 2008 wakiwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014, kwa sababu suala la kuwahamisha kutoka katika makazi hayo lilikuwa halijapata ufumbuzi.

Katika kusubiri huko ndipo vishoka hujitokeza na ahadi ya kulisukuma jalada. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa, hata baada ya miaka mingi, na anayeupoteza ni mwenye cheti, si aliyepokea fedha zake. Mwombaji aliyepanga nyaraka zake vema na kubaki na nakala ya kila karatasi amefanya yote yaliyo katika uwezo wake.