Fahamu: Anuiti ipi imfaayo mstaafu wa Kenya?

Mwanachama wa mfuko wa pensheni nchini Kenya anapostaafu, kwa kawaida huruhusiwa kuchukua taslimu hadi thuluthi moja ya akiba yake, na baki yake huigeuza kuwa riziki ya mara kwa mara, ama kwa kununua anuiti katika kampuni ya bima ya maisha, ama kwa kuiweka katika mfuko wa kuchota mapato kidogo kidogo.

Anuiti ya mtu mmoja hulipa zaidi kila mwezi, lakini mauti yakimfika mwenyewe malipo hukatika na mjane hubaki mikono mitupu. Kwa hiyo naona mwenye ahali ni aula aridhie kipato pungufu cha anuiti ya wawili, imwendeayo mwenzi aliyesalia, au walau aongeze muda wa dhamana, tuseme miaka 10, ambao warithi watalipwa hata akifariki mapema. Ipo pia ipandayo kila mwaka, nayo huanza chini.

Mfuko wa kuchota, wenye kikomo cha asilimia 15 kwa mwaka, huwaachia warithi kilichosalia, ila fedha zaweza kwisha kabla ya uhai. Anuiti, kwa upande wake, ikishanunuliwa ni muhali kuitengua. Basi mstaafu na aulize kampuni kadhaa kabla ya kutia saini.