Maji Tunayo, Kipimo Hatuna

Mgeni afikapo Jinja, jambo la kwanza huonyeshwa mahali Mto Naili unapoliacha Ziwa Victoria. Huambiwa kwamba hapo ndipo yalipokuwa maporomoko ya Ripon, yaliyozama baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo siku hizi laitwa Nalubaale. Akisha kustaajabu, mgeni husema: "Watu wa mji huu hawawezi kujua kiu." Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, sisi tukaao hapa twajua kwamba sivyo. Mwezi wa Januari mboga hunyauka na nyasi hukauka katika nyua zetu, ilhali mto wapita karibu.

Kinachotushinda si uchache wa maji. Kinachotushinda ni kuyatumia bila kipimo. Hatuandiki haya kwa kumkemea mtu, kwa maana wakosaji wa kwanza tulikuwa sisi wenyewe.

Mvua za Jinja huja kwa misimu miwili: tangu Machi hadi Mei, na tangu Septemba hadi Novemba. Katikati ya misimu hiyo, hasa Desemba hadi Februari, bustani hutegemea bomba. Nayo maji ya bomba si zawadi ya ziwa. Yamevutwa kwa pampu, yakachujwa, yakatiwa dawa, kisha yakasukumwa mpaka nyumbani. Kazi hiyo ni ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lililoundwa mwaka 1972 na kuanza katika miji mitatu tu: Kampala, Entebbe na Jinja. Hata ziwa lenyewe halina ahadi na mtu. Mwaka 2006 lilishuka kufikia kiwango kisichoonekana kwa miaka ipatayo 80, na nchi ikapungukiwa umeme. Mwaka 2020 likajaa hata likaingia katika nyumba za watu wakaao ufukoni.

Nyumba tunayokaa ni ya zamani, yenye ua mpana. Mbele pana nyasi za paspalamu, eneo la mita za mraba 200. Nyuma pana matuta matatu ya nakati, sukuma wiki na nyanya. Tuliikuta ina mpira mmoja wa maji na kinyunyizio kimoja kizungukacho. Kila jioni tulipotoka kazini tulifungua bomba kwa muda wa saa mbili, tukaketi barazani kutazama maji yakirushwa hewani, tukaona fahari.

Januari ilipokwisha, hati ya kudai fedha za maji ikaletwa. Akiba tuliyoiweka kwa ajili ya karo ya muhula wa kwanza ikaliwa na hati hiyo, na mtoto wetu wa pili akabaki nyumbani majuma mawili baada ya wenzake kurudi darasani. Nyasi zilikuwa na mabaka, kijani hapa na kahawia pale. Nyanya zilikufa zote.

Sajini mmoja mstaafu, jirani yetu, alisimama penye ua akatazama kwa kitambo. Kisha akauliza kwa adabu: "Afande, risasi mnazihesabu moja moja. Mbona maji mnayafyatua ovyo?" Hatukuwa na la kumjibu.

Siku ya pili yake tulianza kuhesabu. Tulichukua jerikani la lita 20, tukalijaza kwa mpira ule, tukaangalia saa: sekunde 80. Maana yake ni lita 15 kwa dakika. Kwa muda wa saa mbili ni lita 1,800, yaani majerikani 90 kila jioni! Kwa mwezi mmoja ni lita 54,000, ambazo mita ya maji husoma kuwa uniti 54. Kama tungaliagizwa kubeba majerikani 90 kichwani toka mtoni, hakika tungalitafuta akili mapema.

Kisha tuliuliza bustani yenyewe inahitaji kiasi gani. Katika hali ya hewa kama yetu, siku ya kiangazi ardhi na mimea hupoteza maji ya kina cha milimita 4 au 5. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Hesabu hii ni rahisi, na kila askari aiweke kichwani. Matuta yetu matatu, kila moja mita 6 kwa mita 1, ni mita za mraba 18. Basi yalihitaji lita 90 tu kwa siku, majerikani manne na nusu. Nyasi zote zilihitaji lita 1,000 kwa wingi. Tulimwaga 1,800, na bado nyanya zikafa!

Siri hiyo ilifichuliwa na mikebe mitupu ya maharagwe. Tulipanga mikebe kumi iliyolingana, toka karibu na kinyunyizio hadi pembeni na kwenye matuta, tukafungua maji kwa nusu saa, tukapima kwa rula. Mikebe ya karibu ilipata milimita 14, ya pembeni 3, na ile ya kwenye matuta haikupata kitu. Tulikuwa kama mlenga shabaha apigaye risasi nyingi bila kwenda kutazama ubao wake.

Wenzetu wa Mbale na Butaleja wana funzo karibu nao. Katika mradi wa mpunga wa Doho, uliojengwa miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa Wachina, maji ya Mto Manafwa hugawiwa mashambani kwa mifereji. Kila sehemu ina mfereji wake. Nasi tukaigawa bustani yetu: nyasi koki yake, mboga koki yake.

Kwa upande wa mboga tuliacha kinyunyizio kabisa. Tulinunua pipa la lita 200, tukaliweka juu ya matofali kwa urefu wa mita moja, tukatandika mipira myembamba ya matone, miwili kwa kila tuta. Hapana pampu wala umeme. Uzito wa maji watosha. Tone huanguka penye shina, na jani hubaki kavu, jambo lipunguzalo maradhi ya nyanya. Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hukadiria kwamba katika mia ya maji yaliyomwagwa shambani, mmea hufaidi 60 kwa mifereji, 75 kwa vinyunyizio na 90 kwa matone.

Lakini matone yana masharti. La kwanza ni chujio, kwa maana mchanga na ukungu wa kijani huziba vitundu; na kila juma ncha za mipira zifunguliwe, uchafu utoke. La pili ni kifuniko cha pipa, tusije tukafuga mbu na kuleta malaria katika kambi. La tatu ni majani makavu yatandazwe juu ya tuta, jua lisiinyang'anye ardhi unyevu wake. La nne ni saa: mwagilia alfajiri, si adhuhuri.

Nyasi nazo tulizipunguzia cheo. Tunamwagilia mita za mraba 80 zilizo mbele ya mlango, mara mbili kwa juma, milimita 15 kila mara, ili mizizi ishuke chini. Zilizobaki huwa kahawia Januari, na mvua za Machi huziamsha bila gharama. Kwa jumla sasa tunatumia lita zipatazo 3,000 kwa juma, mahali pa 12,600 za zamani. Hii ni chini ya robo.

Wako watakaosema kwamba hawana ua mpana wala bomba la peke yao, kwa kuwa wanakaa katika nyumba za kambini. Hao twawajibu kwamba tuta moja na ndoo moja iliyoinuliwa vyatosha kuanzia. Aidha, paa la mabati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 500. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati na pipa la kukingia. Naye aliyekaribia kustaafu ajifunze sasa, kabla hajaenda kuishi katika shamba lisilo na bomba.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Februari iliyofuata, hati ya maji ilipokuja, karo ilikuwa imekwisha kulipwa. Mtoto wetu alirudi shule siku ile ile waliyorudi wenzake, na nyumbani tulikula nyanya za matuta yetu. Ndugu askari, jioni ya leo chukua jerikani na saa, ujue bomba lako latoa kiasi gani. Kazi ianzie hapo.